Lenzi ya Ndege wa Matete

Harike, 20 Novemba 2014

...na lile swali la friji uliloniuliza mlangoni siku ya kuondoka, mkono wako ukiwa kichwani kwangu na gari limeshawashwa, sikulijibu kwa sababu nilikuwa nalia na wanja umenishuka hadi kidevuni. Jibu ni kwamba hatununui friji, Baba. Tunanunua lenzi.

Sat Sri Akal, Baba yangu mpenzi. U mzima? Masikio yanasemaje? Naandika kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, na nusu nyingine unaitunga mwenyewe. Hayo ndiyo malipo ya kusimama miaka yote kando ya ngoma za harusi za watu. Unakula? Usiniambie unapika dengu. Tangu Mama atutoke najua ukiachwa peke yako unakula chapati ya jana na achari, tena ukiwa umesimama.

Mimi ni mzima kupita kiasi. Walisema mume wa kuchaguliwa hupendwa polepole, kama maji yanavyochemka. Mimi sikungoja maji. Sukhraj ananiletea chai kitandani asubuhi kabla mama yake hajaamka, ili asichekwe, na mama yake anajifanya amelala ili asimwaibishe. Ndiyo nyumba uliyonichagulia. Kila nikiinua kikombe nakushukuru wewe kwanza, ndipo nampulizia yeye mvuke wa chai usoni.

Unajua kazi yake: ngano kidogo shambani, na siku nyingine mtumbwi wa walinzi wa bwawa, kung'oa magugu maji. Usilolijua ni masikio yake. Anasukuma upondo, anaacha ghafla, anasema, "Yule." Mimi naona matete tu. Kuna ndege mmoja mdogo wa kahawia, mkia mrefu kuliko mwili, anayeishi humo ndani na hatoki. Sukhraj anaijua sauti yake tangu utoto, lakini sura yake hajawahi kuiona sawasawa. Ameona mkia ukiingia, basi. Nataka nimpe uso wa ndege huyo. Wewe ulinifundisha kushika kamera kabla sijajua kusuka nywele zangu, na ukaiweka kamera yako ya pili kwenye sanduku langu la harusi. Lakini lenzi iliyo nayo ni ya kupiga watu waliokaa mezani.

Fedha tulizotunzwa harusini zipo. Nilimwogopa mama mkwe, nikidhani anataka friji. Akasema, "Majira haya maji ya mtungi yananigandisha meno, friji ya nini? Nunueni hicho kidude, mkinunua friji mtakuwa mnapiga picha barafu."

Basi nichagulie, Baba. Iwe ndefu, na isituue kwa bei.

Na ombi la pili, ambalo hasa ndilo la kwanza: njoo. Toka Kapurthala hadi hapa ni asubuhi moja ya basi. Najua utasemaje kuhusu desturi. Sema, kisha uje. Nyumba hii ina furaha nyingi, na wewe uliyeileta hujaonja hata moja.

Binti yako,
Navreet


Kapurthala, 29 Novemba 2014

Mama yangu Navreet,

Salamu kwako na kwa mama mkwe wako, Mungu amzidishie usingizi wa asubuhi. Mimi sijambo. Dengu napika. Jana niliipika ikaungua, lakini niliipika.

Mumeo amepita akienda kutafuta mbegu, ndiye anayekuletea barua hii pamoja na furushi. Nimemnywesha mtindi mpaka akaanza kuomba radhi. Yeye anaweza kula kwangu hadi apasuke, ni haki yake. Mimi kwenu ni jambo jingine, na unalijua vizuri kuliko unavyojifanya. Mzazi wa mke hanywi hata maji katika kijiji alikoolewa binti yake. Tukishamtoa mtoto kwa mikono miwili, hatuendi kunyoosha mkono mmoja kudai glasi. Babu yako alikwenda kumwona shangazi yako akiwa na chupa yake ya maji kwapani maisha yake yote. Kwa hiyo sahau.

Ndani ya furushi kuna lenzi yangu ya harusi. Usinunue kitu kabla hujaitumia. Hiyo ndiyo iliyokusomesha. Mdomo wake ni mpana, kwenye hema lenye taa moja inaona kama paka. Nikiwa langoni mwa hema inavuta hadi kipini cha pua cha bibi harusi, na ninaweza kuhesabu vijiwe vyake. Ndege gani mdogo kuliko kipini? Ukiona haifiki, piga hatua mbele. Mvivu hununua lenzi, hodari hutembea.

Ifunge vizuri, huko kwenu kuna unyevu.

Baba yako


Harike, 10 Desemba 2014

Baba yangu mpenzi, mwenye lenzi ya paka,

Natumaini koo lako halijashikwa na baridi hii. Sisi tumeamka leo ukungu umefuta kijiji, mama mkwe akatoka kukamua nyati akarudi akisema hamwoni nyati, anasikia tu anatafuna.

Asante kwa lenzi. Niliishika nikasikia harufu ya studio yetu, ya mvuke na dawa ya kusafishia vioo, nikakaa nayo kidogo mapajani kabla ya kumwonyesha mtu. Sitaki ufikiri sikushukuru, kwa sababu sasa nitakuambia habari zake.

Tulitoka na mtumbwi jua lilipochomoza juu ya ukungu. Mabata bukini wa kaskazini walikuwa kule katikati, wengi, wanazungumza kama wageni wa harusi wanaongoja chakula. Nikainua lenzi yako. Picha ikawa safi, rangi nzuri sana, na bata bukini akawa mdogo kama punje ya haradali. Yule wa matete hata hakuwa punje. Nikakumbuka neno lako la hatua mbele, Baba, lakini hatua mbele ni maji ya kifuani. Sukhraj akasema, "Shuka basi, baba yako amesema." Nikamwambia ashuke yeye, ndiye mkwe.

Akasogeza mtumbwi polepole, hakuna hata tone lililolia. Ndege akaimba hapo hapo, karibu. Nikainua mikono, na bangili zangu zikateremka zote kwa pamoja hadi viwiko, kwarrr. Unajua zilivyo hizi nyekundu za bibi harusi, kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, na mama mkwe anataka nizivae hadi sikukuu ya mavuno. Matete yakatikisika, bata wakaruka, korongo akaruka, hata mdiria aliyekuwa amelala juu ya kigingi akaondoka na hasira. Sukhraj akakaa sakafuni mwa mtumbwi akicheka. Akasema, "Haya, sasa Harike nzima wanajua nimeoa."

Sitazivua. Kwanza ni desturi, pili nazipenda. Nikiosha vyombo zinalia na yeye aliyeko shambani anasema anajua niko wapi. Nimekata soksi yake ya sufi nikaivuta juu ya bangili kama mkono wa sweta, inasaidia kidogo. Lakini karibu na ndege sitafika, Baba. Lenzi ndiyo ifike.

Wiki iliyopita tulikwenda Amritsar kuulizia. Mwenye duka alitutolea ile nyepesi ya bei ya chini. Ikivutwa nusu ni nzuri, ukiivuta hadi mwisho picha inalainika kama halua iliyosahauliwa juani. Kisha akatoa moja fupi nene yenye kioo ndani kama cha mezani, rahisi mno, hailengi yenyewe, na kila kilicho nyuma ya ndege kwenye picha kinageuka miduara kama bangili. Bangili ninazo za kutosha. Mwisho akaleta bomba kubwa, akasema, "Dada, kwa hii unampiga picha rubani aliye angani hadi chunusi yake." Niliinua, mikono ikatetemeka kabla sijamwona rubani. Na bei yake Sukhraj aliposikia alimwuliza kama rubani anakuja nayo.

Tumerudi mikono mitupu, tukala samaki wa kukaanga njiani, tukafurahi sana. Sukhraj anakurudishia lenzi yako kesho. Niambie nifanye nini. Au njoo uone mwenyewe jinsi palivyo mbali. Nimesema tena, na nitasema tena.

Binti yako anayepiga kelele,
Navreet


Kapurthala, 18 Desemba 2014

Mama yangu,

Sijambo. Lenzi imefika salama.

Nilipoisoma barua yako nilikasirika kwa niaba yake. Punje ya haradali. Lenzi hiyo imepiga harusi za watu wakubwa na wadogo, na hakuna aliyewahi kuniletea neno la haradali. Nikaenda kunywa chai kwa jirani yangu fundi saa, nikamsimulia nikitegemea ataniunga mkono. Akaniuliza, "Bibi harusi wako huwa anaruka?" Nikaacha chai yake nusu.

Basi nimefikiri. Harusini anayepigwa picha anataka kupigwa. Analipa apigwe, anainua kidevu. Huyo wenu hataki. Hiyo kazi siijui, na nilikupa shauri la kazi ninayoijua.

Lakini lenzi haichaguliwi kwa barua. Lazima mtu asimame pale, ajue umbali ni upi na jua linatoka upande gani. Wewe unaandika "mbali". Mbali ya mtu aliyeolewa mwezi uliopita si kipimo, kila kitu kwako ni kikubwa au kizuri sana au mbali sana.

Kuja siwezi, usinisukume. Sikatai wewe. Nikifika kwenu mama mkwe wako atanitolea kiti, ataleta glasi, na mimi nitaiacha imejaa mbele ya wenyeji wangu. Utalia, nami nitarudi na aibu mbili, ya kukataa na ya kukuliza. Afadhali nikae huku nikukumbuke.

Soksi za mumeo zibaki miguuni mwake, bangili zikatie fulana yake.

Baba yako


Harike, 6 Januari 2015

Baba,

Natumaini u mzima na kwamba ulifika nyumbani salama siku ile, kwa sababu ninajua ulikuwa hapa.

Pritu, yule muuza chai wa juu ya tuta la bwawa, alimwambia Sukhraj, na Sukhraj akaniambia jana akiwa anatazama chini. Alisema alikuja mzee kwa basi la asubuhi, miwani imefungwa uzi, kilemba cha bluu kilichopauka, kamera kifuani. Akasimama juu ya tuta hadi jua likapanda, akitazama maji, kisha matete, kisha kijiji. Pritu akamwita, "Baba, njoo upate chai, baridi itakuua." Mzee akasema hawezi, binti yake ameolewa hapa. Pritu akamwambia, "Chai si ya binti yako, ni yangu, na maziwa ni ya nyati wangu." Mzee akauliza, "Na nyati wako anakunywa maji ya wapi?"

Hapo nikajua hakuna mwingine duniani. Nikacheka peke yangu jikoni, halafu nikalia, na mama mkwe akaja akanikuta nafanya yote mawili juu ya unga.

Ulikula chapati zako kwenye mkebe wako ukiwa umekaa juu ya jiwe. Toka jiwe hilo unaona mlango wetu. Nilikuwa ndani, Baba. Siku hiyo nilikuwa nimepika mboga ya majani ya haradali vile Mama alivyokuwa akiipika, na nilipoonja nilisema kwa sauti, laiti Baba angekuwepo. Wewe ulikuwa hapo nje unakula achari.

Sikuandikii kukulaumu. Mtu aliyepanda basi la alfajiri na baridi ile kwa ajili ya lenzi ya binti yake, nitamlaumu kwa lipi? Sukhraj anasema nina bahati, baba yake hakuwahi kutembea hadi lango kumwangalia. Ninakushukuru na moyo unaniuma, na sijui kuvitenganisha.

Lakini ungegonga. Ungesimama nje ya lango bila kunywa kitu. Ningesimama nje nawe, nisinywe.

Binti yako


Kapurthala, 11 Januari 2015

Mama yangu, Navreet,

Mimi ni mzima. Nilifika salama. Pritu huyo ana mdomo mpana kuliko lenzi yangu.

Mumeo yuko hapa mbele yangu anakula, amekuja kuchukua zawadi za Lohri, sikukuu ya majira ya baridi, yako ya kwanza tangu uolewe, kama ilivyo ada. Kuna kashata za ufuta na sukari guru, shali ya mama mkwe wako, na furushi la tatu. Lisome hili kabla hujalifungua, nakujua.

Nilikwenda kupima umbali. Huo ndio ukweli, ingawa si wote. Nilisimama pale juu nikatazama maji, nikaona kweli ni mbali. Kisha nikageuka upande wa kijiji. Niliona kamba ya nguo na mtandio wako mwekundu. Ukatoka na ndoo. Mumeo alikuwa nyuma yako, akakurushia kitu, sijui jani la kabichi, ukageuka ukammwagia maji. Nikainua kamera na ile lenzi ya harusi, nikaivuta hadi mwisho. Ukawa punje ya haradali, mama. Nyekundu, inacheka, na sioni uso.

Nilimpiga picha kila bibi harusi wa wilaya hii hadi kipini cha pua, na wangu mwenyewe sikuweza kumfikia. Basi nikaelewa lenzi unayoitaka. Sikugonga kwa sababu ningeingia. Ningeketi, ningekunywa kila kitu mngeniletea, na kesho yake ningeamka nikimtafutia babu yako maelezo.

Sasa sikiliza. Lile bomba kubwa liache. Ni zuri, lakini linataka mguu wa kusimamia, na mtumbwi haukubali mguu, na mikono yako tayari imebeba bangili. Lile jepesi umelijua tabia yake. Nimekupatia la nne ambalo mwenye duka hakukutolea kwa sababu ni la zamani na halimpi faida. Lenzi hii ina urefu mmoja tu, milimita mia nne, haivuti wala hairudi. Watu wanaiogopa kwa sababu haina kitu ndani cha kutuliza mtikisiko wa mkono. Lakini wewe utapiga juani, kasi ikiwa kubwa, na mkono hautakuwa na muda wa kutikisika. Ni nyepesi kuliko mtungi wa maziwa uliojaa nusu. Na inakata kama wembe.

Alikuwa nayo mpiga picha mwenzangu wa Jalandhar. Aliinunua akidhani itamfaa harusini, akajikuta kila akimtaka bibi harusi mzima anapata sikio. Imekaa kabatini. Nilimulika tochi ndani kutafuta kuvu, hakuna. Nilimlenga kunguru juu ya nguzo ya umeme, akaja hadi nikaona anachokula, nikatamani nisingeona. Bei yake haikufika nusu ya lile bomba. Nusu ya bei imetoka kwenye fedha zenu za kutunzwa, mumeo amelipa. Nusu nyingine ni Lohri yangu kwako, na usibishane, baba kutoa hakujakatazwa na desturi yoyote.

Usipige katika ukungu. Ngoja jua liukaushe. Na ukiwa karibu sana itakataa kulenga, rudi nyuma. Safari hii nakuambia hatua nyuma.

Baba yako


Harike, 5 Februari 2015

Baba yangu, Baba yangu, Baba yangu mpenzi,

U mzima? Useme u mzima, maana nataka uwe na nguvu ya kufungua bahasha iliyo ndani ya barua hii. Ifungue sasa, kisha urudi.

Umemwona?

Ndiye huyo. Ndiye yeye mwenyewe, juu ya tete lililovunjika, koo limefura, mdomo wazi, na mkia huo usio na adabu umeinuka nyuma. Tazama jicho. Kuna jua ndani ya jicho, Baba, na ukitazama vizuri kuna matete madogo ndani ya hilo jua.

Ukungu ulikaa wiki baada ya wiki hadi nikadhani bwawa limeondoka. Nilijizoeza juu ya paa na shomoro na mkia wa nyati. Kisha siku moja mama mkwe akafungua mlango akasema, "Jua limekuja, nendeni, mboga nitakata mimi." Tukaenda. Mdiria alikuwa pale kwenye kigingi chake, tukamsogelea, lenzi ikagoma kulenga. Nikamnong'oneza Sukhraj arudi nyuma. Akasema, "Miezi yote hii unaniambia mbele, leo ndege yuko karibu mno?" Nikamwambia baba amesema.

Halafu yeye akaacha upondo. Mkono wake ukanigusa begani, akasema, "Yule." Ndani ya matete, mbali, sauti ile. Sikushusha pumzi. Bangili zilikuwa zimelala ndani ya soksi. Ndege akapanda tete kutoka chini kama mtu anayepanda ngazi akiwa na shaka, akafika juu, akatazama, akaimba. Nilibonyeza mpaka akaondoka.

Nilimpa Sukhraj kamera atazame. Aliitazama hadi mtumbwi ukageuka wenyewe. Kisha akasema, "Kumbe ana nyusi." Basi. Ana nyusi. Nikampenda upya, kama vile sikuwa nimeshampenda asubuhi ile, na usiku wa kabla yake, na ninaomba msamaha kukuandikia baba yangu mambo haya, lakini wewe ndiye uliyenichagulia wote wawili, mume na lenzi, na hukukosea hata mmoja. Lenzi ile ya kwanza siihesabu, ilikuwa ya kuazima.

Picha imekwenda kwa walinzi wa bwawa, wameitundika ofisini kwao. Mama mkwe ameibandika ya pili jikoni na anamwonyesha kila anayekuja kuomba moto.

Sasa sikiliza neno lake, nimeliandika vile vile alivyolisema akiwa anachambua dengu: "Mwambie mkwe wangu kwamba Jumapili ya tarehe ishirini na mbili ni zamu yetu kupika chakula cha watu wote hekaluni, pale gurudwarani. Pale anakula tajiri na msafiri na mwizi, hakuna anayeulizwa amemwoza nani wapi. Atakayekoroga dengu ni mimi, lakini mwenye chakula si mimi. Akikataa chakula cha Guru, atamjibu Guru, asinijibu mimi. Na asije na mkebe."

Nilimwambia, Mama, umelifikiria hilo lini? Akasema, tangu siku ile nilipokukuta unalia juu ya unga wangu.

Kwa hiyo, Baba. Keti pamoja na watu wote sakafuni, nikupitie na ndoo ya dengu, nikumiminie mara moja tu kama ninavyowamiminia wengine. Hilo linanitosha. Sitaomba zaidi. Nyumbani ukitaka usiingie, nitakusindikiza hadi basi. Na ukipanda tena juu ya tuta bila kugonga, ujue sasa nina mia nne, nitahesabu mvi za ndevu zako.

Binti yako, mwenye shukrani hadi kwenye viwiko,
Navreet


Kapurthala, 11 Februari 2015

Mama yangu,

Salamu kwenu nyote. Mimi sijambo, masikio ni yale yale.

Nimemwona ndege wako. Niliweka picha kwenye dirisha la studio, mahali pa bibi harusi wa mwaka huu. Watu wanasimama. Mmoja aliniuliza ni ndege wa wapi, nikasema wa kwetu, kisha nikagundua nimesema "kwetu". Fundi saa alitazama kwa ile miwani yake ya jicho moja, akasema makali yapo hadi kwenye manyoya ya koo. Kisha akauliza, "Na huyu naye ulimwambia apige hatua mbele?" Nimemsamehe, kwa sababu alisema kweli kuhusu makali.

Mwambie mama mkwe wako kwamba nimesoma maneno yake mara kadhaa kutafuta mahali pa kumbishia, na sikupata. Ningempata mshauri kama yeye nikiwa kijana ningefanya siasa. Mkebe nitauacha.

Chakula cha gurudwara nitakula, kama kila mtu. Nitakaa kwenye mstari, utanimiminia, sitakutazama sana maana nikikutazama sitameza. Hapo mama mkwe wako atakuwa ameshinda, na ningeweza kupanda basi langu nirudi na heshima yangu yote.

Lakini nimekaa na jambo hili siku kadhaa. Babu yako alibeba chupa yake maisha yake yote, na shangazi yako hadi leo, mwanamke mwenye wajukuu, anasema hajui baba yake alikuwa anapenda chai ya namna gani. Hilo halikuwahi kuniuma kabla sijasimama juu ya lile tuta.

Kwa hiyo baada ya gurudwara nitakuja nyumbani. Nitagonga. Mimi chai napenda tangawizi nyingi, sukari kidogo, na iive hadi ibadilike rangi. Mumeo asiniletee, niletee wewe. Ikimwagika kidogo, ni sawa.

Nitafika kwa basi la asubuhi, tarehe ishirini na mbili.

Baba yako